Ikisema "mafi", iulize imetafuta wapi

Hii ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama simu yako iko asilimia nane, weka chaji kwanza halafu urudi.

Ukifika Juba, neno la kwanza utakalojifunza ni "mafi". Ni Kiarabu cha Juba, maana yake hakuna, hayupo, haipo. Umeme? Mafi. Maji kwenye tanki? Mafi. Chenji? Mafi. Sisi tuliokulia Kakuma na Kiswahili chetu, mara ya kwanza kulisikia neno hili tulicheka mpaka machozi, na mnajua kwa nini. Baada ya muda unaacha kucheka. Unaanza kuona kwamba kuna mafi za aina mbili. Kuna ile ya "haipo kabisa", na kuna ile ya "sijaiona hapa nilipoangalia". Mwenye duka akikwambia sukari mafi, mara nyingine sukari iko stoo, ila mtoto aliyeachwa kaunta hajui.

Kompyuta nayo inasema mafi. Inasema kwa Kiingereza: command not found. Na mafi ya kompyuta ni ya aina ya pili. Hapo ndipo nataka tukae leo, kwa sababu watu wengi wanaisoma kama ya aina ya kwanza, na hio inaweza kuleta hasara.

Nianze na mashine yenyewe. Kwenye kambi ninayojitolea, ile ya upande wa Jebel, tuko na laptopu moja ya zamani ambayo ndiyo maktaba yetu. Skrini imepasuka kona, betri ilikufa siku nyingi, inaishi kwa sola na siku za mawingu kwa jenereta ya jirani. Ndani yake kuna Debian, mfumo wa Linux wa bure, tena ule usio na picha wala madirisha. Ni skrini nyeusi na maandishi meupe basi, ili isile umeme. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza inaendesha Kiwix, programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, hata ile ya Kiswahili. Vijana wanaingia kwa simu zao kupitia waifai ya mle ndani na wanasoma bila bando. Ya pili ni daftari la darasa la watu wazima. Kila jioni mama mwalimu anataja majina, na mmoja wetu anaandika nani amekuja. Mwisho wa mwaka, aliyehudhuria vya kutosha anapewa cheti. Kwa mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye karatasi pekee yenye jina lake ni kadi ya mgao, hicho cheti si mchezo.

Wiki mbili kabla ya vyeti, mashine ikagoma. Iliwaka vizuri tu. Ikauliza jina na pasiwedi, ikakubali. Lakini Kiwix haikuanza, na kijana wa zamu alipoandika ls, ile amri ya kuonyesha faili zilizopo, akajibiwa hivi:

bash: ls: command not found

Akajaribu nano, ya kuandikia. Mafi. Akajaribu cp, ya kunakili, ili aokoe daftari kwenye flashi. Mafi. Hata sudo, mafi. Fundi mmoja wa mjini alipoelezwa kwa simu akasema mfumo umekufa, virusi vimekula programu zote, leteni nifute kila kitu niweke upya. Flashi ya nakala ilikuwa imeshaondoka na mtu aliyehama. Mama mwalimu akanitazama.

"Mwanangu, na majina?"

"Mama, ngoja kwanza. Usimpe mtu hii mashine."

Sasa sikilizeni venye inafanya kazi.

Unapoandika neno kwenye ile skrini nyeusi, anayelisoma si kompyuta nzima. Ni programu moja inayoitwa sheli. Si sheli ya mafuta, ile tunayopangia foleni na jerikeni. Kwa Kiingereza neno hili ni ganda, kama la yai: ndani kuna kiini cha mfumo, nje kuna ganda, na wewe mkono wako unagusa ganda. Jina lilitolewa na Mfaransa, Louis Pouzin, miaka ya 1960. Sheli iliyoko kwenye mashine nyingi za Linux inaitwa Bash, iliandikwa na Brian Fox na kutoka mwaka 1989.

Sheli yenyewe haijui kazi nyingi. Haijui kunakili faili, haijui kufungua picha, haijui Kiwix ni nini. Kazi yake ni kuchukua neno la kwanza uliloandika, kumtafuta mwenye jina hilo, na kumkabidhi maneno yaliyobaki. Ukiandika cp barua.txt flashi, sheli inamtafuta anayeitwa cp na kumpa yale mengine mawili. Huyo cp ni programu kamili, faili iliyokaa mahali fulani kwenye diski kama mtu anavyokaa kwenye nyumba. Anwani yake kwenye Debian ni /usr/bin/cp. Ukiandika anwani yote hivyo, na ile mistari ya kulala, sheli haitafuti tena. Inaenda moja kwa moja mlangoni. Hio ni kanuni: jina lenye mkwaju ndani yake halitafutwi.

Kutafuta kunaanza ukiandika jina tupu. Na hapa watu hudhani kompyuta inapekua diski yote. Hapana. Ingefanya hivyo, kila amri ingechukua muda wa kunywa chai. Sheli inaangalia kwanza vitu vyake yenyewe: majina ya mkato uliyoitungia, halafu vipande vidogo vya kazi ulivyoifundisha, halafu amri chache zilizojengwa ndani yake. Jina lisipokuwa hapo, inachukua orodha inayoitwa PATH, yaani njia. Hio PATH ni mstari mmoja wa maandishi ya kawaida, folda kadhaa zimetenganishwa kwa nukta mbili. Kwenye Debian ambayo haijaguswa, ya mtumiaji wa kawaida ni hii:

/usr/local/bin:/usr/bin:/bin:/usr/local/games:/usr/games

Sheli inaanza kushoto. Inaingia /usr/local/bin, inauliza, cp yupo hapa? Hayupo. Inaingia /usr/bin. Yupo! Inamwita na haiendelei tena. Ikimaliza folda zote bila kumwona, inarudi na ile sentensi. Haiingii folda nyingine hata kama programu iko mlango wa pili.

Nyumba yetu hapa Nyakuron haina namba. Mgeni akija namwelekeza hivi: uliza kwanza kwa mama wa chai karibu na kituo cha utamaduni, asipojua uliza vijana wa boda kwenye kona, wasipojua uliza kanisani. Sehemu tatu, kwa mpangilio huo. Siku mama wa chai amesafiri, boda wote wako kazini na kanisa limefungwa, mgeni atarudi mjini aseme huyo mtu hakai Nyakuron. Na mimi niko ndani nafua shati.

Turudi kwa mashine. Kitu cha kwanza nilichoandika ni hiki:

echo $PATH

Amri ya echo inarudia unachoiambia, na ni mojawapo ya zile zilizo ndani ya sheli yenyewe, kwa hivyo haihitaji kutafutwa. Ilijibu:

/opt/maktaba/bin

Basi. Hakuna nukta mbili, hakuna kingine. Orodha nzima ilikuwa folda moja, yenye skripti mbili za maktaba. Sheli ilikuwa inaambiwa "mtafute ls", inaingia chumba kimoja chenye watu wawili, ls si mmoja wao, inarudi kusema mafi. Ilikuwa inasema ukweli wake.

Kabla ya kurekebisha chochote nilitaka kujua jambo moja. Nikatumia cd kuingia folda ya darasa, ju hio nayo iko ndani ya sheli, halafu nikaandika:

echo *

Nyota kwa sheli inamaanisha majina yote ya faili zilizopo hapa. Ni sheli yenyewe inayaweka, bila kumsumbua ls. Skrini ikatoa mahudhurio-01, mahudhurio-02, mpaka mahudhurio-07. Mama mwalimu hajui Linux lakini kusoma anajua kuliko sisi wote. Aliweka kidole kwenye ile skrini iliyopasuka, akahesabu moja moja mpaka saba, halafu akavuta kiti akakaa.

Nikaandika /usr/bin/ls, anwani kamili. Ikafanya kazi hapo hapo. /usr/bin/cp, ikanakili daftari kwenye flashi yangu. Yaani hakuna virusi, hakuna kilicholiwa. Wote walikuwa nyumbani kwao. Kilichopotea ni maelekezo ya mahali pa kuulizia.

Dawa ya haraka ni kuiandikia sheli orodha mpya, export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin, na palepale kila kitu kinaamka. Lakini hio inadumu mpaka utoke tu. Ukiingia tena, sheli inasoma upya faili zake za maandalizi. Kwenye Debian ukiingia kwa jina lako inasoma .profile, na hio nayo inaisoma .bashrc. Ndani ya .bashrc, mstari wa mwisho kabisa, kulikuwa na hii:

export PATH=/opt/maktaba/bin

Kijana aliyeshika mashine kabla yetu, siku hizi yuko nchi nyingine, alitaka skripti zake zipatikane kwa jina tupu. Wazo zuri. Ilitakiwa iwe hivi:

export PATH=$PATH:/opt/maktaba/bin

Tofauti ni $PATH na nukta mbili. Mstari wa kwanza unasema "orodha ni hii". Wa pili unasema "orodha ni ile iliyokuwepo, na hii pia". Herufi sita hizo ndizo zilizotaka kutupotezea miezi saba ya majina. Vyeti vilichapishwa kwa wakati, na nilikaa nyuma nikiangalia watu wanavyosaini.

Kuna mtu atauliza kwa nini cd na echo zilipona na ls ikafa. Hio cd ina sababu nzuri. Programu ya kawaida sheli inapoiita, inaendeshwa kando, kama mtoto uliyemtuma dukani. Mtoto akifika dukani, wewe bado umekaa nyumbani. Sasa cd kazi yake ni kukuhamisha wewe kutoka folda hii kwenda ile. Ingekuwa mtoto wa kutumwa, angehama yeye na wewe ungebaki palepale. Kwa hivyo lazima sheli ifanye yenyewe. Lakini echo imewekwa ndani kwa sababu ya kasi tu, maana nje nayo ipo pacha wake, /usr/bin/echo.

Niliyajua haya wapi? Sekondari hatukufundishwa hivi, kompyuta za shule tulikuwa tunagombania watu watano kwa kibodi moja. Niliyasoma ndani ya mashine yenyewe. Andika man bash, utapata kitabu chote cha sheli, bila intaneti, bila bando, kimekaa hapo siku zote. Kuna sehemu inaitwa COMMAND EXECUTION, ni fupi, ukurasa mmoja hivi wa skrini. Kiingereza chake ni kikavu kama biskuti za mgao lakini hakidanganyi. Niliisoma jioni kwa jioni mpaka jenereta izimwe.

Sasa niwaambie kwa nini kitu kidogo hivi kimenikaa kichwani.

Mama yangu mdogo alienda kwenye meza ya kuandikishwa, sitasema ya nani. Alipanga foleni toka alfajiri. Kijana wa kompyuta akaandika jina lake, akatazama, akasema, "Mama, hupo kwenye sistimu." Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. Mama mdogo akarudi nyumbani akakaa kimya siku nzima. Jioni akaniuliza, "Kama sipo, yule aliyetembea na nyinyi mpaka mpakani alikuwa nani?"

Nilienda naye kesho yake. Sikwenda kugombana. Nilimwuliza yule kijana, kwa heshima, "Ndugu, umetafuta kwenye orodha gani?" Akaniangalia kama sijaelewa. Nikarudia. Akasema, orodha ya mwaka huu, ya eneo hili. Nikauliza kama kuna ya zamani, ya lile eneo tulilokaa kwanza. Ilikuwepo, faili nyingine, kwenye mashine hiyo hiyo. Akaifungua. Jina halikuonekana. Tukajaribu kuliandika vile mtu wa Kiarabu angelisikia, herufi moja tofauti. Yupo. Tarehe ya kuzaliwa ni yake, watoto ni wake. Ilichukua dakika nne.

Nafikiri wengi humu mmeshawahi kuambiwa hivyo. Anayekwambia haupo kwa kawaida hajatafuta dunia nzima. Amepewa folda moja au mbili za kuangalia, kwa mpangilio aliopangiwa na mtu mwingine ambaye pengine alishahama. Ukimwuliza "kwa nini unanikataa" mnaanza vita. Ukimwuliza "umetafuta wapi" anaweza hata kukusaidia. Sisemi inafanya kazi kila mara. Kuna meza ambazo hata orodha zote zikifunguliwa jina halipo, kwa sababu siku ya kuandika ulikuwa porini.

Haya, mambo mengine ya sheli, haraka.

Bash ina kumbukumbu. Ikishampata cp mara moja, inaandika pembeni alikompata, mara ya pili haizunguki tena. Ni busara, lakini programu ikihamishwa wakati dirisha bado liko wazi, sheli inakwenda kwenye nyumba ya zamani na kukuambia hakuna faili kama hiyo, hata kama nyumba mpya iko kwenye orodha. Shangazi alihama Nyakuron kwenda Gudele, na sisi bado miguu inatupeleka Nyakuron. Andika hash -r, itasahau yote na kuanza kutafuta upya.

Mpangilio nao ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Wakiwa wawili wenye jina moja, anayeshinda ni aliye kwenye folda ya kwanza kushoto, si aliye bora wala aliye mpya. Kama mashine ina python3 mbili na inaleta ile usiyoitaka, andika type -a python3. Itakutajia wote kwa zamu yao, wa juu ndiye anayeitwa. Napenda type kuliko which, kwa sababu which kwenye Debian inaangalia PATH tu, haijui majina ya mkato wala vitu vya ndani ya sheli.

Halafu kuna hili ambalo vijana huniuliza kila wiki: "Skripti yangu iko hapa hapa, naiona kwa macho, kwa nini inasema haipo?" Kwa sababu "hapa" haiko kwenye orodha, na imeachwa nje makusudi. Fikiria mashine inayotumiwa na watu wengi, kama yetu. Mtu mwenye nia mbaya anaweka kwenye folda ya wote faili lake analiita ls. Ukiingia folda hiyo na sheli yako inaangalia "hapa" kwanza, ukiandika ls unaendesha ya kwake, kwa jina lako na ruhusa zako. Ndiyo maana Linux inakutaka useme wazi, ./skripti, nukta ikimaanisha hapa. Una mkwaju, kwa hivyo hakuna kutafuta. Ile sheli ya zamani ya Windows, cmd, yenyewe huangalia hapa kwanza, na hio tabia imewasumbua watu miaka. Na angalieni: nukta mbili mbili zikifuatana kwenye PATH bila kitu katikati, au moja ikibaki mwishoni peke yake, Bash inasoma hio nafasi tupu kama "hapa". Mlango unabaki wazi na hakuna aliyeuona.

Sheli pia huacha namba baada ya kila amri, unaiona kwa echo $?. Sifuri ni salama. 127 ni hajapatikana. 126 ndiyo inayonichekesha: amepatikana, yupo, lakini hana ruhusa ya kufanya kazi. Sisi wa Kakuma hio tunaielewa bila kufundishwa. Dawa yake kwenye Linux ni chmod +x, sekunde moja. Kwa binadamu mnajua foleni yake.

Na skripti ya nakala tuliyoweka sasa, inayojiendesha usiku kupitia cron, nimeandika kila programu kwa anwani kamili. Cron kwenye Debian inaanza na orodha fupi, /usr/bin:/bin, haisomi .bashrc yako. Kitu kinachofanya kazi mchana mbele yako kinaweza kukwama saa nane usiku bila shahidi.

Kwa nini folda zenyewe ni nyingi, bin huku bin kule? Nilidhani kuna hekima kubwa. Kumbe ni nyumba iliyoongezwa vyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wanajenga Unix kule Marekani, diski zilikuwa ndogo sana. Ya kwanza ilipojaa, programu zilimwagikia kwenye diski ya pili, iliyokuwa ya vitu vya watumiaji, /usr. Ndiyo ikawa /bin na /usr/bin, na miaka hamsini baadaye bado tunazitaja zote mbili. Debian ya siku hizi imeziunganisha, /bin ni kibao tu kinachokuelekeza /usr/bin. Sheli ya Thompson ilikuwa na sehemu za kutafuta zimeandikwa ndani yake kabisa, mtumiaji hana la kusema. Sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, ilikuja na PATH ambayo wewe mwenyewe unaweza kuipanga. Sisi tunatumia uzao wa hiyo, hata jina Bash lina Bourne ndani yake.

Wengi wenu Kakuma, Kalobeyei na Nakivale hamna laptopu, najua. Simu ya Android inatosha. Kuna programu ya bure inaitwa Termux, inaweka sheli ndani ya simu. Ifungue, andika echo $PATH, utaona folda moja ndefu inayoanza na /data/data/com.termux. Andika type cd, halafu type -a echo, uone pacha wawili niliowataja. Halafu fanya hili, usiogope: andika PATH=/mafi, na ujaribu cp. Itakataa. Jaribu echo na nyota, itakubali. Ulichobadilisha ni orodha ya dirisha hilo tu. Andika exit, fungua Termux upya, orodha ya zamani itakuwa imerudi. Na exit yenyewe itafanya kazi hata wakati PATH imeharibika, nafikiri sasa mnaweza kumweleza mtu kwa nini.